Kwenda Jeddah Kuuliza Kama Zabeti Aliimba

Okoth, nanyi wengine mliobaki kwenye chumba chetu cha Al-Sulay, Riyadh, simu yangu haijatulia tangu nifike nyumbani Chwele. Swali ni lile lile: ulimpata mzee, na alisema nini? Nilianza kuwajibu kwa sauti, lakini mbuzi wa jirani walikuwa wakichangia mada, nikaona afadhali niandike. Nitasimulia kipande kwa kipande, kama njia ilivyokwenda. Mambo ya tiketi na makaratasi nayaruka. Kila mmoja wenu anayajua, na hakuna anayeyapenda.

Na kwa kuwa namjua Okoth, kwamba haya atayasambaza kwa watu nisiowajua hata kwa sura, acha kwanza nieleze kilichonitoa Riyadh.

Al-Sulay

Kabla sijaletwa Al-Sulay kuendesha kenta ya vigae, nilikuwa dereva wa Mista Teo, mhandisi Mmarekani, mzee mwenye mvi na tumbo la mtu anayekaribia kustaafu. Asubuhi nilimpeleka kazini, jioni nikamrudisha, na kwa foleni za Riyadh mnavyozijua, tulikaa pamoja garini kuliko watu wengi wanavyokaa na wake zao.

Mista Teo ni Mkajuni. Wakajuni ni watu wa Luisiana, kusini mwa Marekani, wenye Kifaransa chao cha kizamani. Mababu zao walikuwa wakulima kwenye pwani ya baridi kule Kanada. Waingereza wakawafukuza, wakawatia melini, baba huku, mtoto kule, wakatawanyika kama mbegu za mchicha mpaka baadhi yao wakaangukia Luisiana. Mista Teo aliandika riwaya juu ya watu wake hao. Alipokwisha kuhamia Jeddah kitabu kikatoka, akanitumia nakala.

Ndani ya riwaya hiyo kuna mwanamke Mwafrika aitwaye Zabeti, mtumwa, mpishi wa familia moja ya Wakajuni. Jioni anambembeleza mtoto wa bwana wake kwa wimbo wa kwao wenye beti tatu. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikatoka nje, nikarudi, nikakifungua tena. Ubeti wa kwanza ulikuwa wimbo wa mama yangu. Umeandikwa kwa Kiingereza, sawa, lakini ni ule ule: kware amelala ndani ya shamba la wimbi, mama yako yuko kisimani, nyamaza, chungu bado kiko motoni. Mama alituimbia huo kwa Kibukusu, mimi na dada yangu Nekesa, na kabla yetu wale wakubwa waliotangulia mbele ya haki.

Beti mbili zilizofuata sikuzikumbuka. Nikajiambia kwamba nilikuwa mdogo, nimezisahau, na watu wa mbali wamenitunzia. Ubeti wa mwisho ndio ulionimaliza:

*Ukichelewa, njia ni ile ile,*
*mlango sijaufunga.*
*Ukinikuta nimelala usiniamshe,*
*chakula chako nimekifunika.*

Kisha mama akafariki. Kafili, mwajiri anayeshika vibali vyangu, akasema nisubiri mpaka apatikane dereva mwingine. Hakuwa mtu mbaya, lakini maiti haimsubiri dereva. Nikaurudisha wimbo wote kwa Kibukusu, beti zote tatu, nikamtumia Nekesa, naye akawafundisha kina mama wa kanisa, wakauimba kaburini. Mnakumbuka. Mlikaa nami kitandani tukisikiliza kwenye simu, na Wafula, asiyelia hata akikatwa mshahara, alitoka nje akisema anatafuta maji.

Ubishi ulianza baadaye. Okoth ndiye aliyeutia moto. "Buda, huyo mzee alikusikia ukiimba kwa gari. Amechukua tu. Hiyo ni copy na paste." Nikamkatalia, sikukumbuka kumwimbia mtu yeyote. Nikamwambia lisemwalo lipo. Kama Zabeti aliishi na aliimba, basi wimbo wa mama ulivuka bahari kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na mtu mwenye wimbo wa namna hiyo hafi kirahisi. Lakini kama Zabeti ni wa kubuni, zile beti mbili nazo zimetoka wapi? Na tulimwimbia nini mama yangu akiingia ardhini? Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, si haki wala fidia ambazo Okoth alikuwa akinipigia hesabu.

Likizo ilipopatikana nikasikia Mista Teo naye anarudi kwao moja kwa moja, wiki hiyo hiyo. Nikachagua kupandia ndege Jeddah.

Basi la asubuhi

Jina langu ndilo lililoniponza. Kwetu Juma ni jina tu. Babu yangu alikuwa Juma na alikuwa mzee wa kanisa, tena wa kupiga ngoma. Lakini yule kijana wa kituoni alisikia Juma, akaniangalia kwa upendo, akaniweka kwenye basi linalopitia Makka lenye watu waendao Umra. Nami, kwa kuwa Wafula aliniambia mabasi yote ni yale yale, nikaingia nikakaa dirishani kama mwenye mali.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kisudani, Idris, fundi seremala, mwenye kilemba kikubwa na sauti ya upole. Alizungumza Kiarabu taratibu ili mimi na Kiarabu changu cha godauni tusiachwe nyuma. Kabla hatujamaliza kutoka Riyadh alikuwa amenigawia tende, mkate, na maharage aliyoyabeba kwenye chupa ya chai. Nilikula kwa haya kidogo, kisha haya ikaisha.

Nje hakukuwa na kitu. Mmesafiri njia ile na vigae, mnajua: mchanga, nguzo, ngamia mmoja, mchanga. Nilitoa kitabu. Idris akauliza kinasema nini. Nikamweleza nilivyoweza: watu waliofukuzwa kwao, meli, mpishi mtumwa, wimbo.

"Ni kweli au ni hadithi?"

"Kuna kweli na kuna hadithi. Ndiyo naenda Jeddah kumuuliza mwandishi ipi ni ipi."

Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekuja kwa miguu kutoka mbali kwa ajili ya mafua. "Safari yote hii? Si ungenunua kitabu cha kweli tupu?" Akacheka, nami nikacheka, halafu nikageukia dirisha. Vitabu vya kweli tupu havina mama yangu ndani.

Basi lilipata pancha katikati ya jangwa, fundi akachelewa, jua likatuchambua. Wakati wa sala wanaume walijipanga kwenye kivuli cha basi. Idris akanisogezea nafasi mkekani. Nikashika simu, nikaenda nyuma ya gari kujifanya naongea na mtu, mahali ambapo hata mtandao wenyewe haupo. Nadhani aliniona Mwislamu mvivu, na mimi nikamwacha aamini hivyo. Waswahili wamesema msafiri kafiri, lakini sidhani walimaanisha mimi.

Sayl: wote weupe isipokuwa mimi

Mtu anayekwenda Umra akitokea upande wa Riyadh lazima asimame Sayl, aoge, avae ihramu, zile shuka mbili nyeupe. Mimi nilidhani tumesimama kula. Nikanunua chai, nikakaa kwenye ukuta mfupi. Nilipoinua macho, abiria wenzangu walikuwa wakitoka mmoja mmoja wakiwa weupe, hata yule kijana aliyekuwa na fulana ya mpira, hata mnene wa kiti cha mbele. Siku nzima nilikuwa nimewazoea kwa nguo zao. Sasa sikumjua hata mmoja.

Dereva akanijia. "Yalla, ihramu yako iko wapi?"

"Ana Masihi," nikasema. Mimi ni Mkristo.

"Juma Masihi?" Akawaita wenzake waje wasikie. "Juma! Masihi!" Walicheka, si kwa ubaya, lakini ukichekwa na watu waliovaa sawasawa wote unahisi umevaa vibaya zaidi. Mkristo haingii Makka, na basi lilikuwa linaingia Makka. Halas, yameisha, nikashushwa.

Idris ndiye aliyenishushia mkoba. Bega moja lilikuwa wazi kwenye shuka yake, bega la mzee. Nilitaka kumwomba radhi lakini Kiarabu changu kilikuwa kimeisha.

"Ungeniambia," akasema. "Chakula ningekupa vile vile."

Basi likaondoka. Nikabaki kwenye maegesho na shati langu la mistari, watu weupe wakipita pande zote wakinuizia safari yao, na kila mmoja alijua anakokwenda na anachokwenda kuomba. Nawaambia wazi: tangu nifike Saudia sijawahi kuwa mpweke namna ile. Chumbani kwetu kuna upweke, lakini ule ni wa kugawana.

Gari la Gul

Magari ya mizigo huuzunguka mji mtakatifu kwa barabara ya pembeni. Nikasimama yanakopita, nikipunga mkono kama mtu anayefukuza nzi. Aliyesimama alikuwa Mpakistani mwenye pikapu iliyojaa kreti tupu za kuku. Jina lake Gul. Lugha yetu ya pamoja ilikuwa maneno matatu: sadik, yaani rafiki, mafi muskila, hakuna tabu, na Jeddah.

Aliona kitabu changu mkononi. Jalada lake ni la kijani lenye herufi za dhahabu, hakuna picha. Gul akafuta mkono kwenye kanzu, akakipokea, akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso, akakiweka juu kabisa ya dashibodi mahali palipo safi, kisha akazima muziki kwa heshima. Alidhani ni kitabu kitakatifu. Sijui alidhani cha dini gani, nami sikujua nitamwelezaje. Neno la hadithi kwa Kiurdu silijui, na hata ningelijua ningemvunja moyo. Basi tukashuka milima ile kimya kimya kama tuko kanisani, mahangaiko ya Wakajuni yakitutangulia kwenye kioo, nyuma yetu kreti zikinuka mavi ya kuku.

Nilikuwa nikikitazama kitabu na kuwaza: huyu ameamini kila neno bila kusoma hata moja. Mimi nimesoma kila neno na sasa naogopa kuamini.

Alininunulia chapati yao ile ya tabaka na dengu kwenye kibanda cha njiani. Nilipotaka kulipa alinipiga kibao mkononi. Aliponishusha Jeddah alinikabidhi kitabu kwa mikono miwili. Nikakipokea kwa mikono miwili vile vile.

Al-Mahjar

Barasa, mtu wetu wa Webuye anayelinda maghala karibu na bandari, alikuwa zamu. Ufunguo wa chumba chake cha Al-Mahjar alimwachia Mhabeshi mwenye duka chini. Jeddah haina joto kavu kama letu. Ile ni kuvikwa taulo lililochovywa maji moto na kuambiwa lala. Nilikula wali wa bukhari na kuku peke yangu juu ya gazeti, sauti za Al-Mahjar zikipanda kwa dirisha, Kihausa, Kihabeshi, Kiarabu, mama mmoja akimgombeza mtoto kwa lugha nisiyoijua, na bado nikaelewa kila kitu.

Nilirudia kurasa ambazo nilitaka kuziulizia, nikajaribu kuuimba wimbo kwa sauti ndogo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimezisoma na kuziimba beti zote tatu mara nyingi kiasi kwamba zote zilikuwa zinanijia kwa sauti ya mama. Sauti ilikuwa ile ile kwa maneno yote.

Asubuhi Barasa aliingia macho mekundu. Nilipomwambia nimekuja kuuliza nini, alivua viatu kwanza. "Na akikuambia ile kitu hutaki kuskia?"

"Nitajua, angalau."

"Haya. Kuuliza si ujinga," akasema, akaanguka kitandani na usingizi ukamchukua kabla sijajibu.

Kwa Mista Teo

Anakaa ghorofani, upande wa kaskazini wa mji, mbali na Al-Mahjar kwa kila maana. Nyumba ilikuwa maboksi matupu. Akanikumbatia mlangoni. Yeye huongea Kiingereza, mimi nawaletea kwa Kiswahili.

"Juma! Umekonda."

"Na wewe umenenepa, bosi."

Alikuwa anapika gambo, mchuzi mzito wa kwao wa kuku na bamia unaomwagwa juu ya wali. Kwao hutiwa soseji ya nguruwe. Jeddah amejifunza kuishi bila hiyo. Aliniambia bamia ilifika Luisiana kutoka Afrika, na hata jina la mchuzi wasomi wengi wanaamini ni letu, la lugha za Kibantu.

"Hiyo ni ya kweli au ya kitabu?"

Akacheka. "Hiyo ni ya kweli."

Nikaona njia imefunguka. Nikauliza habari ya kufukuzwa. Kweli, akasema, na ilikuwa mbaya kuliko alivyoandika, maana katika kitabu wapenzi wawili waliotenganishwa wanakutana uzeeni. "Wapenzi ni wa kwangu. Wengi hawakukutana tena." Na babu anayepigana na mamba kwenye kinamasi? "Babu yangu alilima mpunga na kufuga ng'ombe kwenye tambarare. Mamba nilimtia kwa sababu mhariri alimtaka. Watu wa miji mikubwa hawanunui Mkajuni asiye na kinamasi."

Kulikuwa na mahali ambapo mtoto anapigishwa magoti juu ya punje za mahindi kwa kosa la kusema Kifaransa shuleni. Hapo nilikuwa na hakika amebuni. Mzungu amfanyie hivyo mtoto wa mzungu mwenzake?

"Huyo ni baba yangu," akasema. "Ndiyo sababu hakutufundisha. Mimi Kifaransa cha nyumbani nilikiokota ukubwani."

Nikamsimulia kile kibao tulichovikwa shingoni shuleni ukinaswa ukisema lugha ya mama. Unakaa nacho mpaka umnase mwenzako umvike, na jioni kila aliyekivaa anachapwa, kwa hiyo kutwa nzima watoto mnawindana. Mista Teo akaweka mwiko chini.

"Hili ungeniambia mapema, ningelitia kitabuni."

"Ndilo ninaloogopa," nikasema.

Akaniangalia. Nikakaza moyo. "Zabeti. Aliishi?"

Alizima jiko kwanza, akavuta kiti. Alisema Wakajuni wengi walikuwa maskini wasiomiliki kitu, lakini wengine walimiliki watu, na familia yake ilikuwa miongoni mwao. Katika karatasi za zamani aliona mwanamke ametajwa: umri, na bei. Jina la kwao halikuandikwa. "Zabeti ni jina nililompa mimi. Ule upole wa bwana wake nao ni wa kwangu, na ndio unaonitia aibu. Kitabu changu kinampenda sana. Sijui kama kulikuwa na mtu yeyote pale aliyempenda." Akaongeza kwamba waliopelekwa Luisiana wengi walitoka Afrika Magharibi na Kongo. Wa kutoka sehemu zetu hakuona alama yao.

"Na wimbo?"

"Wimbo ni wako, Juma." Alishangaa kweli. "Hukujua? Uliuimba kila tulipokwama kwenye foleni. Nikakuuliza maana yake, ukanitafsiria. Hakuna aliyejali kuandika watu wale waliimba nini. Nilikuwa na ukurasa mtupu, na mbele yangu garini kuna mtu anaimba. Nilidhani ukikisoma utafurahi."

"Nilikuimbia beti ngapi?"

"Mmoja."

Okoth, umeshinda. Lakini ngoja kwanza kushangilia.

"Na mbili zilizobaki?"

"Hizo ni zangu. Ubeti mmoja ulikuwa haujazi ukurasa."

Hasira ilinipanda. Nilisimama. Nikamwambia mama yangu amefariki, jambo ambalo hakulijua, na kwamba beti zake zimeimbwa kaburini na kanisa zima, watu wakidhani ni maneno ya wazee wetu, kwa sababu mimi niliwaambia hivyo. Nilimwambia, "Umenichanganyia mama yangu. Sasa hivi nikimsikia akiimba, sijui ni yeye au ni wewe."

Hakujitetea. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Waliimba zote? Hata ule wa mwisho?"

"Hasa huo. Waliurudia."

Akajifunika uso. Kisha akanisimulia. Ujana wake alifanya kazi kwenye visima vya mafuta akirudi nyumbani watu wamelala, na mama yake alikuwa akimwachia sahani ya chakula iliyofunikwa kwa sahani nyingine, mlango haujakomelewa. Mama huyo alikufa Teo akiwa Riyadh, kazi imefika mahali pabaya, wakubwa hawamwachii. Walimzika bila yeye. Ndugu zake si watu wa kuimba, wakazika kimya wakaenda kula. Ule ubeti aliuandika wiki hiyo, akaona haya kuuweka kinywani mwake, akauweka kinywani mwa Zabeti.

Nami nilimwendesha wiki ile yote. Nilikumbuka siku alizokuwa kimya kiti cha nyuma, nikidhani ni hesabu za kazini.

Alilia. Mimi sikulia, na sikumfariji. Nawaambia kama ilivyokuwa. Nilisimama pale na mkoba wangu nikiangalia gambo likiganda ngozi juu.

Aliponisindikiza mlangoni alisema kitabu kinachapwa upya, na mwishoni anaongeza kurasa za kueleza lipi lilitokea na lipi alilitunga. "Ubeti wa kwanza nitaandika ni wa mama yako. Ule wa mwisho niandike nini?"

Nikamwambia sijui. Nikaomba njia.

Chwele

Ya ndegeni na ya barabarani hayana maana, nililala. Nilifika mvua imetoka kunyesha. Nilikwenda kaburini kabla ya kuingia ndani, nikasimama. Nilijaribu kuimba peke yake ule ubeti mmoja ambao ni wetu kwa hakika. Kila nilipoufikisha mwisho, ule mwingine ulikuwa tayari unakuja wenyewe.

Nekesa nilimweleza jikoni akichambua mboga. Nilimweleza yote, Zabeti asiyekuwepo, foleni za Riyadh, sahani juu ya sahani. Nilitegemea atalia au atanigombeza kwamba nimelitia kanisa aibu. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Huyo mama yake aliitwa nani?"

"Sikuuliza."

"Wewe umekaa na mtu analia mama yake, usimuulize jina?" Akasukuma ungo pembeni. "Wiki jana tumemzika mama Wanyonyi wa kule chini, na hawakutuuliza, wameuimba huo huo, hadi mwisho. Sasa unataka tufanye nini, Juma? Tuufukue?"

Alinipa ungo nimalizie mboga, akaenda kuchota maji. Nilipomaliza nikanawa mikono, nikachukua simu, nikamwandikia Mista Teo. Nilimwandikia kwamba ubeti wa mwisho ni wa mama yake, na kwamba uliimbwa Chwele siku mama yangu anazikwa. Aandike yote mawili, yote mawili yalitokea. Na atutumie jina la mama huyo, kina mama wa kanisa wanataka kujua wamekuwa wakimwimbia nani.